Simba na Yanga huko Kigoma: fainali iliyofika ziwani, na njia inayokosekana kwa mpira wa Kivu

Jumapili tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga, timu mbili kubwa za Dar es Salaam, zilikutana kwenye fainali ya kombe la taifa la Tanzania. Mechi hiyo haikuchezwa Dar es Salaam. Ilichezwa Kigoma, kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, kando ya ziwa lile lile ambalo wakaaji wa Uvira na Baraka wanaliona kila asubuhi. Simba ilishinda 1-0.

Kwa wapenzi wa mpira wa Kivu ya Kusini, mechi hiyo si ya majirani tu. Mkongomani mmoja alitolewa nje kwa kadi nyekundu na mchezo ukageuka. Wakongomani wengine walikuwa kwenye vikosi vya pande zote mbili. Tena Kigoma ni mji wa mbali, mwisho wa reli, na bado ulipata mechi ambayo nchi nzima ilikuwa inaingoja. Ukiwa Mudaka, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda kiwanja cha ndege cha Kavumu, unajiuliza: kwa nini Kigoma iliweza, na sisi tunakosa nini?

Kadi nyekundu kabla ya mapumziko

Fainali hiyo ilikuja wakati timu hizo mbili zilikuwa na deni kati yao. Mechi yao ya ligi iliyopangwa tarehe 8 Mei 2021 haikuchezwa, kwa sababu saa ya kuanza ilibadilishwa siku hiyo hiyo na Yanga ikakataa mabadiliko hayo. Ilichezwa tarehe 3 Julai kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa, na Yanga ikashinda 1-0 kwa goli la Zawadi Mauya. Baadaye Simba ilichukua ubingwa wa ligi, wa nne mfululizo, lakini kipigo kile kilikuwa kingali kinawauma. Kwa hiyo Simba ilikwenda Kigoma kulipiza, na Yanga ilikwenda kuokoa msimu wake.

Simba ilifundishwa na Mfaransa Didier Gomes Da Rosa. Yanga ilikuwa na Nasreddine Nabi wa Tunisia, aliyefika miezi michache tu kabla ya hapo.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha nguvu nyingi na nafasi chache. Karibu na mapumziko, Mukoko Tonombe, kiungo wa Yanga aliyetoka AS Vita Club ya Kinshasa, alimpiga kiwiko nahodha wa Simba, John Bocco. Mwamuzi akatoa kadi nyekundu. Yanga ikaingia kipindi cha pili na wachezaji kumi.

Hata hivyo Yanga haikuvunjika mara moja. Ilirudi nyuma, ikafunga njia za katikati, na kwa zaidi ya nusu saa Simba haikupata goli. Zilipobaki dakika kumi hivi, Luis Miquissone wa Msumbiji alipiga kona, na Taddeo Lwanga, kiungo Muganda wa Simba, akaruka na kuupiga mpira kwa kichwa hadi wavuni. Goli hilo moja lilitosha. Simba ikachukua ligi na kombe kwa mwaka wa pili mfululizo.

Kwa Mukoko, siku ile ilikuwa ngumu. Wapenzi wa Yanga walikuwa wamempenda tangu mwanzo, kwa sababu alikata mipira bila kuchoka na hakuogopa mtu. Kiungo wa aina hiyo anacheza karibu na kadi kila wiki. Akichelewa kidogo tu au akichukua hasira, anaiacha timu nzima na mzigo. Hilo ndilo lililompata Kigoma, kwenye mechi iliyotazamwa kuliko zote za msimu. Miezi michache baadaye alirudi nyumbani, akaingia TP Mazembe ya Lubumbashi.

Wakongomani wa Kariakoo

Mukoko hakuwa peke yake. Mwezi wa Agosti 2020 alifika Yanga pamoja na Tuisila Kisinda, winga mwenye mbio aliyetoka pia AS Vita Club. Wakati huo huo Simba ilimchukua mshambuliaji Chris Mugalu, Mkongomani aliyekuwa anacheza Zambia.

Mugalu aliacha alama hata Kinshasa. Tarehe 12 Februari 2021, kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, Simba ilikwenda kwenye uwanja wa Martyrs kucheza na AS Vita Club. Ilishinda 1-0, kwa penalti iliyopigwa na Mugalu mwenyewe. Kwenye mechi ya marudiano Dar es Salaam, Vita ilipigwa 4-1. Simba ilimaliza ya kwanza kwenye kundi lililokuwa na Al Ahly ya Misri.

Baada ya fainali ya Kigoma, njia hiyo ya Kinshasa kwenda Dar es Salaam ilipanuka zaidi. Mwaka huo huo wa 2021, Yanga ilimchukua Fiston Mayele, Djuma Shaban na Jesus Moloko, wote kutoka Vita, pamoja na Yannick Bangala. Simba ilimchukua beki Henock Inonga kutoka DCMP. Tarehe 25 Septemba 2021, miezi miwili kamili baada ya Kigoma, Simba na Yanga zilikutana tena kwenye Ngao ya Jamii. Yanga ilishinda 1-0, na mfungaji alikuwa Mayele.

Kutoka hapo mambo yaligeuka kabisa. Yanga ilichukua ligi ya 2022 bila kupoteza mechi, ikaendelea kuichukua 2023, 2024 na 2025. Kombe la taifa nalo ililichukua miaka hiyo hiyo minne. Mwaka wa 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na njiani iliifunga TP Mazembe mara mbili, 3-1 Dar es Salaam na 1-0 Lubumbashi. Kwenye fainali USM Alger ya Algeria ilichukua kombe kwa faida ya magoli ya ugenini tu. Mayele alimaliza mfungaji bora wa mashindano hayo kwa magoli saba. Baadaye alikwenda Pyramids ya Misri, na mwezi wa Juni 2025 alichukua nayo Ligi ya Mabingwa ya Afrika.

Kwa upande wetu wa mashariki kuna jina la Maxi Nzengeli. Yeye alifika Yanga mwaka wa 2023 akitoka AS Maniema Union ya Kindu. Msimu huo wa 2022/23 ligi ya RDC, Linafoot, haikumalizika. Mchezaji kijana hawezi kukaa mwaka mzima akingoja ligi ianze tena. Tanzania ina ligi inayokwenda hadi mwisho, inaonyeshwa kwenye televisheni kila wiki, na lugha ya mazoezi ni Kiswahili. Kwa kijana wa Kindu, Uvira au Bukavu, Dar es Salaam haimfanyi mgeni kama Ulaya au nchi za Waarabu.

Kombe linalozunguka nchi

Kombe la taifa la Tanzania lilifufuliwa msimu wa 2015/16, baada ya miaka mingi ya kulala. Mshindi anapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Fainali ya kwanza, mwaka wa 2016, ilichezwa Dar es Salaam, na Yanga ikaifunga Azam 3-1. Baada ya hapo shirikisho la Tanzania lilianza kuitembeza fainali.

Mwaka wa 2017 ilikuwa Dodoma, ambako Simba iliifunga Mbao ya Mwanza 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Mwaka wa 2018 ilikwenda Arusha, na Mtibwa Sugar ikaifunga Singida United 3-2. Mwaka wa 2019 ilikuwa Lindi, kusini kabisa, Azam ikashinda 1-0 dhidi ya Lipuli ya Iringa. Mwaka wa 2020 ilikwenda Sumbawanga, upande wa Rukwa, Simba ikaifunga Namungo 2-1. Ndipo ikafika Kigoma.

Baadaye ilirudi Arusha mwaka wa 2022, kwenye fainali ambayo watu hawaisahau: Yanga na Coastal Union zilitoka 3-3, Abdul Suleiman Sopu akafunga magoli yote matatu ya Coastal, lakini Yanga ikashinda kwa penalti. Mwaka wa 2023 ilikuwa Tanga. Miaka ya 2024 na 2025 ilivuka bahari na kuchezwa Zanzibar.

Ukiangalia orodha hiyo, utaona haikupangwa kwa ajili ya viwanja vikubwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu wengi kuliko wa Sumbawanga, Lindi au Kigoma, na mapato yake ni makubwa zaidi. Lakini mtu wa Kigoma anayeipenda Simba au Yanga tangu utoto anaweza kuzeeka bila kuziona zikicheza moja dhidi ya nyingine kwa macho yake. Fainali ikifika mjini kwake, wenye hoteli wanapata wageni, wenye mitumbwi na mabasi wanapata abiria, na mtoto anamwona kwa macho yake mchezaji aliyekuwa anamsikia kwenye redio.

Kwa Kigoma kulikuwa na jambo jingine. Jimbo hilo ndilo lenye kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka wa 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita Kivu ya Kusini. Wengi wao walivuka ziwa wakitoka Fizi na Uvira. Watoto waliozaliwa kambini mwaka ule walikuwa wanakaribia miaka 25 siku Mukoko na Kisinda walipokanyaga uwanja wa Kigoma. Wamekulia katika nchi ya watu, wanazungumza Kiswahili cha nchi hiyo, na timu zao ni Simba na Yanga. Siku ile, nyota za mechi kubwa kuliko zote za Tanzania zilikuwa na watoto wa Kongo kati yao, kwenye jimbo hilo hilo walilokimbilia wazazi wao.

Mudaka, njia ya Kavumu

Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kwa reli. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka wa 1914, wakati wa Wadachi. Kuna barabara pia, na kuna kiwanja cha ndege. Timu inaweza kuchagua. Masaporta wasio na pesa ya ndege wanapanda basi au treni, wanachoka, lakini wanafika.

Mudaka iko kwenye territoire ya Kabare, juu ya barabara ya kitaifa nambari 2, kati ya Bukavu na Kavumu. Ukitoka Bukavu unapita hapo, kisha Miti, halafu unafika kiwanja cha ndege. Wakaaji wake wanaijua barabara hiyo kwa soko lake na kwa magari yanayoshusha mizigo. Wanaijua pia kwa mpira, kwa sababu timu yoyote iliyoshuka Kavumu kuja kucheza na OC Muungano au OC Bukavu Dawa kwenye uwanja wa Concorde, huko Kadutu, ililazimika kupita Mudaka ili kufika mjini.

Hiyo ndiyo njia yenyewe. Hakuna reli kati ya Bukavu na Kinshasa, wala barabara ya lami inayofika huko. Timu ya Bukavu ikitakiwa kucheza Kinshasa inahitaji ndege, na timu ya Kinshasa ikitakiwa kuja Bukavu inahitaji ndege. Mpira wa taifa, kwa upande wetu, unasimama juu ya kiwanja kimoja cha ndege.

Mwezi wa Februari 2025 kiwanja hicho kilifikiwa na vita. Waasi wa M23 waliingia Kavumu tarehe 14, na siku mbili baadaye waliingia Bukavu. Goma ilikuwa imekwisha kuanguka mwishoni mwa Januari, na kiwanja chake cha ndege kilifungwa. Safari za kawaida za ndege kati ya Kavumu na Kinshasa zilisimama. Barabara inayopita Mudaka, iliyozoea kuleta timu na abiria, ikawa barabara ya askari na ya watu wanaokimbia na vitu vyao kichwani.

Ukiuliza ni kitu gani mpira umepoteza mbele ya mambo hayo, swali linaonekana dogo. Watu wamepoteza jamaa, nyumba na kazi. Lakini vijana wa miaka 17 au 18 wenye kipaji hawawezi kuweka miguu yao akiba mpaka vita viishe. Mchezaji ana miaka kumi hivi ya kufanya kazi yake. Akikosa mashindano miaka miwili au mitatu ya mwanzo, hakuna anayemwona, na hakuna timu ya Kinshasa, Lubumbashi wala Dar es Salaam itakayomwita.

Si kweli pia kwamba mashariki haina nguvu ya kushinda kombe. Mwaka wa 2018, AS Nyuki ya Butembo ilichukua Coupe du Congo, ingawa eneo lake lilikuwa tayari na matatizo ya usalama. Timu ya Kivu ikipewa nafasi ya kufika uwanjani, inaweza kushinda. Shida kubwa iko kabla ya uwanja, kwenye safari.

Hata Ukraine, kombe lilingoja

Wengine wanasema nchi yenye vita haiwezi kuwa na kombe. Ukraine inaonyesha kwamba inawezekana, lakini kwa gharama na kwa masharti.

Urusi ilipoishambulia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, ligi na kombe vilisimama, na msimu huo haukumalizika. Msimu uliofuata ligi ilirudi bila watazamaji, lakini kombe halikuchezwa kabisa. King'ora cha hatari kikilia, wachezaji waliacha mpira na kwenda kujificha. Mechi moja ya mwezi wa Agosti 2022, kati ya Rukh Lviv na Metalist Kharkiv, ilichukua zaidi ya masaa manne kumalizika.

Kombe lilirudi polepole. Fainali ya 2024 ilipelekwa Rivne, magharibi mwa nchi, mbali na mstari wa vita, na Shakhtar Donetsk ikaifunga Vorskla Poltava 2-1. Tarehe 14 Mei 2025 fainali ilichezwa Zhytomyr, kati ya Shakhtar na Dynamo Kyiv. Zilitoka 1-1, na Shakhtar ikashinda kwa penalti.

Shakhtar yenyewe ni timu ambayo mtu wa Kivu anaweza kuielewa bila kuelezwa sana. Haijacheza nyumbani Donetsk tangu mwaka wa 2014. Imekuwa mgeni Lviv, Kharkiv na Kyiv, na bado inabeba jina la mji wake. Lakini Ukraine ina reli na barabara zinazofanya kazi upande wa magharibi, kwa hiyo shirikisho lake lilipata mahali pa kuhamishia mechi na namna ya kuzifikisha timu huko. Timu ya Bukavu ikifungiwa kiwanja cha ndege, haina reli ya kuikimbilia.

Kinachoweza kufanywa

Kuna mambo ambayo FECOFA na ma-ligi ya jimbo hayawezi kuyatatua. Hayawezi kusimamisha vita, wala kufungua kiwanja cha ndege. Lakini mfano wa Tanzania unaonyesha kazi ambayo shirikisho linaweza kuifanya pale ambapo njia ipo.

La kwanza ni kumaliza msimu. Kombe la Tanzania limekuwa na fainali kila mwaka tangu 2016, hata mwaka wa 2020, wakati Korona ilisimamisha mpira kwa miezi kadhaa na fainali ikasogezwa hadi mwezi wa Agosti. Mchezaji, kocha na mfadhili wote wanajua kwamba kutakuwa na mwisho.

La pili ni kuipeleka mechi kubwa nje ya mji mkuu. Siku amani itakaporudi, kuchagua Bukavu, Uvira, Kindu au Butembo kwa fainali kungelazimisha viongozi kutengeneza uwanja, taa, hoteli na barabara kwa tarehe inayojulikana. Uwanja wa Kigoma haukuwa wa ajabu, lakini ulitosha kwa siku moja iliyohitajika.

La tatu liko karibu zaidi: mashindano ya vijana ya territoire kwa territoire, yasiyohitaji ndege. Kutoka Mudaka hadi Miti, Kavumu, Katana au Walungu, timu inaweza kwenda kwa gari pale usalama unaporuhusu. Mashindano hayo hayatoi tiketi ya kucheza Afrika. Yanatoa kitu kidogo lakini cha lazima: kijana anacheza mechi ya kweli, mbele ya mwamuzi wa kweli, na mtu mwingine anaandika jina lake.

Kwa sasa, wapenzi wa mpira wa Kabare na Bukavu wanaendelea kuwafuata kwenye simu na redio Wakongomani walioko Simba na Yanga, kama walivyokuwa mwaka wa 2025 Maxi Nzengeli kwa Yanga na Elie Mpanzu kwa Simba. Wanaijua ligi ya Tanzania kwa majina na kwa tarehe. Ya kwao, kwanza kiwanja cha ndege cha Kavumu kifunguke, na basi la timu lipite tena Mudaka likienda Kadutu.